Msemaji wa Wakriki, Al Mansoura

Diploma yangu sikuipata kwa kubebwa. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu watu wa kwetu wakisikia umesoma ukiwa Uarabuni wanadhani ulinunua karatasi sokoni. Niliondoka Singida na cheti cha kidato cha nne ambacho mjomba wangu alikuwa akizitaja alama zake kwenye shughuli za watu ili wacheke. Nilirudi na diploma ya uhusiano wa kimataifa, niliyoisomea kwa mtandao. Katikati ya hapo kuna miaka ya kusimama mapokezi kwenye jengo moja la ofisi la West Bay, Doha, nimevaa sare ya ulinzi, sauti ya mhadhiri ikiniingia sikioni kwa waya mdogo niliouficha ndani ya kola, macho yangu yakiwa mlangoni. Wenzangu walisikiliza muziki kwa mtindo huo huo. Mimi nilisikiliza sheria za mabalozi.

Hata hivyo ilibaki kidogo niikose, na ningeikosa kwa sababu ya njia ya farasi iliyopita kwenye misitu ya Marekani zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Somo la mwisho lilikuwa la majadiliano. Mhadhiri wetu, mama mmoja wa Dar es Salaam ambaye wote tulimwita Madam, alikuwa amesoma kusini mwa Marekani, na huko aliondoka na mapenzi makubwa ya habari za Wakriki. Wakriki ni wenyeji wa misitu na mito ya upande ule. Walikuwa na miji yao, mashamba yao ya mahindi na mabaraza yao kabla serikali changa ya Marekani haijafika mlangoni kwao ikitaka ardhi. Madam alitueleza pande hizo mbili zilivyokuwa zikikutana. Wamarekani walikuja na kamishna, karatasi na zawadi. Wakriki walikuja na watu. Walikaa uwanjani kwa kufuata vyeo, kikazungushwa kinywaji cheusi cha majani yaliyochemshwa, na hakuna aliyegusa neno la maana kabla kinywaji hakijamfikia kila mwenye haki ya kunywa. Chifu mwenyewe mara nyingi alinyamaza. Alikuwa na msemaji wake, na msemaji hakuwa na ruhusa ya kuamua chochote. Kazi yake ilikuwa kuyasema yale ambayo baraza limekubaliana, na baraza halikuhesabu kura. Lilizungumza mpaka asibaki wa kupinga.

Wamarekani jambo hilo liliwachosha. Wakagundua njia fupi: subiri wabishi waondoke, kisha saini na waliobaki. Wakriki nao wakaweka sheria kwamba anayeuza ardhi ya wote bila baraza atauawa, na Madam alituambia kwa sauti ya taratibu kwamba sheria hiyo haikubaki maneno matupu. Kuna chifu aliyetia saini, na watu wake wakamfuata nyumbani kwake.

Mtihani wa somo hilo haukuwa wa kuandika. Ulikuwa baraza la kuigiza, kwa video, mbele ya Madam. Upande mmoja makamishna wa Marekani, upande wa pili Wakriki. Kila upande ulipewa maelekezo yake ya siri, na kikao kilikuwa kimoja tu. Mkikosa mapatano, pande zote mbili zinarudia somo mwaka unaofuata.

Mwaka unaofuata! Mimi nilikuwa nimekwisha kumwambia msimamizi wangu kazini kwamba siongezi mkataba. Nafasi yangu alikuwa amepewa Mnepali, tena nilimfundisha mimi mwenyewe kufungua geti la chini. Nyumbani halmashauri moja ilikuwa tayari kunichukua kwenye kitengo cha migogoro ya ardhi, ila walitaka diploma mkononi, hawakutaka ahadi. Nikikosa lile somo, Doha sina kazi na Singida sina cheti. Ningerudi kama nilivyoondoka, na mjomba angekuwa na la kusema.

Tena nilikuwa peke yangu. Kundi langu lilikuwa la watu watatu; mmoja alijifungua akaahirisha masomo, mwingine alipata kazi Muscat akazima simu. Upande wa Marekani walikuwa wanne, wote wamekaa chumba kimoja Dar, wakiongozwa na jamaa mmoja afisa wa serikali ambaye darasa zima tulimwita Mheshimiwa, kwa kuwa alipenda hivyo. Nilimwomba Madam aniruhusu nifanye mwenyewe. Nilimwambia ninajiweza.

"Najua unajiweza," alisema. "Ila Wakriki hawawi mtu mmoja. Tafuta baraza. Wachukue watu wowote, mradi uwafundishe, na kila mmoja awe na haki ya kukataa. Ukisaini huku mmoja anapinga, hayo kwangu si mapatano."

Basi nikawachukua wenzangu wa chumbani, mtaa wa Al Mansoura. Mmoja alikuwa Mkenya wa Nakuru, mlinzi kama mimi kwenye jengo lile lile, kijana mchangamfu aliyeniita Prof tangu siku aliponiona na kitabu. Wa pili alikuwa mtu mzima wa Unguja, tuliyemwita Ami. Kazi yake ilikuwa kumimina kahawa ya Kiarabu kwenye ukumbi wa hoteli moja ya West Bay, amevaa kanzu nyeupe na kizibao cha nakshi, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Wageni walimpiga picha. Alikuwa na subira ya ajabu kwa wageni, na sisi hakutubakishia hata chembe.

Niliwafundisha jioni tukipika. Mkenya alishika haraka na kusahau haraka. Ami aliuliza.

"Hicho kinywaji cheusi, nani anamimina?"

"Vitabu havisemi sana, Ami. Jambo la maana ni kwamba kinapita kwa vyeo."

"Hilo ndilo jambo la maana? Mie nakwambia la maana ni anayemimina. Ukimruka mtu na finjani, umekwisha kumtukana, hata ukija na maneno ya asali."

"Basi utamimina wewe."

"Nitamimina. Lakini mwanangu, mie nikikaa kitako kwenye baraza, nakaa kweli. Usije ukanambia baadaye huu mchezo."

Nilicheka, nikasema sawa. Mkenya akasema, "Ami ashakuwa chifu, na rent hajalipa."

Kikao kilikuwa Ijumaa, baada ya sala, siku yetu ya kupumzika mimi na Mkenya. Ami alikuwa na zamu jioni, na basi la hoteli lingempitia chini ya jengo; hilo nilikuwa nimewaarifu Madam na wale wa Dar mapema. Kwa hiyo alikaa kwenye mkeka akiwa amekwisha vaa kanzu na kizibao cha kazini, na kusema kweli alitupa heshima. Kwenye kamera tulionekana watu. Mapazia ya vitanda tulikuwa tumeyafunga ili nguo zisionekane. Laptopu niliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimewaomba jirani zetu Wapakistani wa chumba cha pili wasitazame kriketi kwa intaneti mpaka nimalize, na wakakubali kwa sharti kwamba nikifaulu niwapikie pilau.

Mheshimiwa alianza kwa haraka, ametia tai. "Ndugu zetu Wakriki, tunaleta salamu za Baba yenu Mkuu wa huko mji mkuu. Muda ni mfupi, naomba twende moja kwa moja kwenye hoja."

"Kamishna," nikamjibu, "hatujanywa."

Ami akainua dele. Alimimina kidogo kidogo, kama anavyomiminia mawaziri, akaanza na mimi kwa kuwa nimeketi kulia kwake, kisha Mkenya, kisha akajimiminia. Kisha akainua finjani nne tupu kuelekea kamera na kuzijaza moja moja kwa ajili ya wale wa Dar, akazipanga mbele ya laptopu. Haikuwa haraka hata kidogo.

"Madam," Mheshimiwa alisema, "hii ni mbinu ya kupoteza muda."

"Kamishna, wewe ndiye uliyekwenda kwao," Madam alimjibu. "Ngoja."

Mkenya alininong'oneza bila kutikisa midomo, "Prof, huyo msee amenuna mpaka tai imenuna."

Ombi lao la kwanza lilikuwa kubwa: ardhi yote iliyo kati ya mito miwili, maeneo ya kuwindia. Hapo nilizungumza. Sisemi hivi kwa kujisifu, ipo rekodi chuoni: nilizungumza vizuri. Nilisema mito ile hatukuichora sisi, na wala wao hawakuichora. Nilisema Kamishna anaita pori, lakini kwetu kila bonde lina jina, na jina lina mwenyewe. Nilimaliza kwa kusema kwamba baraza limesikia na linakataa. Kisha nikanyamaza, kwa kuwa Wakriki hawakuwa watu wa kurukia majibu, na niliwaambia wenzangu wanyamaze nami.

Kunyamaza kwenye video ni kazi ngumu. Unajiona mwenyewe. Tulikaa kimya hadi Mheshimiwa akaanza kudhani mtandao umekatika. Aligonga maikrofoni. Akauliza, "Mnatusikia?" Hatukujibu. Basi yeye mwenyewe, bila kuulizwa, akaanza kupunguza. Nusu ya ardhi. Kisha robo. Kisha akasema kwa unyonge, huku akipitia karatasi, kwamba serikali yake ingeridhika na njia tu. Njia nyembamba ya farasi, ya kupitisha barua za posta kutoka mashariki hadi magharibi. Hakuna ardhi itakayouzwa. Wakriki watabaki na vivuko vyao na kulipwa kwa kila anayevuka.

Maelekezo yangu ya siri yalisema wazi: ardhi usiitoe, ila njia unaweza kuitoa. Na sasa ndipo tulipofika. Nilizima maikrofoni, nikawageukia wenzangu nikitabasamu.

"Mimi niko sawa," Mkenya alisema. "Wapewe kanjia kao, tumalize, tukule."

"Ami?"

"Hapana."

Nilidhani hajaelewa. Nikamweleza tena, polepole. Barua tu. Farasi mmoja, na mfuko.

"Nimeelewa, yakhe. Nasema hapana. Sitoi njia."

"Lakini Ami, maelekezo yanaruhusu."

"Maelekezo kakupa nani? Huyo Madam? Madam si Mkriki." Alivuta kizibao chake kikakaa sawa. "Sikiliza nikwambie. Kwetu kulikuja mtu, anataka kujenga hoteli ufukweni. Hakutaka kiwanja chetu. Kiwanja alikwisha kupata kwengine. Alitaka kijia tu kipite kwenye minazi ya baba yangu, apitishe mawe na saruji. Marehemu baba kampa, bila ya kuandikishana, kwa wema. Kijia kikapita mkokoteni. Kikapita gari. Kikatiwa kokoto. Siku moja kikawa na geti. Leo mie nikienda kukata madafu kwetu, getini pana mlinzi, kijana wa bara, kama nyie hivi, kavaa sare kama yenu, ananiuliza: 'Mzee, unakwenda kwa nani?'"

Mkenya akatazama chini. Mimi nilitazama laptopu. Wale wanne wa Dar walikuwa wanainamiana na kunong'ona.

"Ami, huu ni mtihani," nikamwambia. "Hakuna minazi hapa. Nikishindwa nimekwisha. Unajua nimeacha kazi."

"Najua. Na mie nilikwambia nikikaa nakaa kweli."

"Basi kubali kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako nitakupa koti langu. Njia si yangu peke yangu kuitoa, na si yako."

Wakati huo huo simu yangu ikawaka. Ulikuwa ujumbe wa Mheshimiwa, kwangu binafsi, nje ya kikao. Aliandika kwamba ameona mzee wangu anatazama saa, na amesikia habari za basi. Akitoka, tumalize sisi tuliobaki. Kisha akaongeza kwamba nikirudi nyumbani nimtafute ofisini kwake, watu wenye kichwa kama changu wanahitajika, nafasi ipo.

Niliusoma zaidi ya mara moja. Mpaka leo sijui kama ile nafasi ilikuwa ya mchezo au ya kweli. Huenda hata yeye hakujua. Mkenya alikuwa amesoma begani kwangu.

"Buda," alisema kwa sauti ya chini, akinivuta mkono kuelekea jikoni, "si hii ni rahisi? Bas ya Ami ikikuja, anaenda job. Tunabaki sisi wawili. Hakuna mwenye anakataa. Unasign, unapass, unapata kazi Dar. Ami hata hatajua."

"Atauliza."

"Unamwambia tulikubaliana."

"Na wewe utamwambia hivyo hivyo?"

Alikuna shingo. "Maze, usiniulize mimi. Wewe ndio msemaji."

Hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa nimesoma mabaraza yale kwa miezi, nimeandika insha kuhusu wale waliosubiri wabishi waondoke, nimepata alama nzuri kuliko darasa zima kwa insha hiyo, na sasa nimesimama kati ya friji na jiko la gesi nikisubiri honi ya basi. Nilikuwa na sababu zote. Mzee wa watu ni mbishi, mtihani ni mchezo, diploma ni ya kweli. Nilirudi nikakaa. Nikafungua maikrofoni.

"Madam," nikasema, "kabla sijajibu, baraza hili halina siri. Nimeletewa ujumbe." Nikausoma wote, neno kwa neno, pamoja na ile nafasi ya ofisini.

Ami aliacha kufunga viatu vyake. Huko Dar, mmoja wa wale wanne, dada aliyekuwa ameketi nyuma, alifunika mdomo. Mheshimiwa akawa mwekundu kwa kadiri mtu mweusi anavyoweza.

"Hiyo ndiyo diplomasia!" alisema. "Makamishna walifanya hivyo! Iko kwenye vitabu! Walimpa chifu cheo cha jenerali na mshahara kwa siri! Madam, mimi nilikuwa ndani ya mchezo."

"Sijasema kitu, Kamishna," Madam alisema. Alikuwa anaandika.

"Basi kama ndivyo, hatuna haja ya kuendelea. Njia au hakuna mapatano. Wote turudie. Mimi sijali."

Alikuwa anajali. Nimesimama mlangoni kwa watu kwa miaka, nawajua wanaosema hawajali. Lakini mimi nilijali zaidi, na saa ilikuwa inakwenda. Madam alitukumbusha kwamba muda unakaribia kwisha. Chini ya dirisha basi la hoteli likapiga honi. Ami akasimama, akachukua begi lake.

"Mwanangu, dereva wetu Mbangladeshi hangoji. Neno langu unalo."

"Ami, dakika moja tu."

"Dakika ya nini? Nimesema sitaki mtu apite kwetu, kisha siku moja aniulize naenda kwa nani."

Sijui kama kuna mtu mwingine angeliona. Mimi niliona, na siwezi kujifanya mnyenyekevu kwenye hili. Yule kijana wa getini anayeuliza "unakwenda kwa nani" ni mimi. Ndiyo kazi niliyoifanya West Bay kila siku. Vijana wa pikipiki wanaoleta vyakula na vifurushi hawapandi juu. Hata mmoja, hata awe na chakula cha mkurugenzi kinachopoa. Kifurushi kinaishia mezani kwangu. Nakipokea, napiga simu, na mtu wa ndani ndiye anayekipandisha. Chakula kinafika. Mleta chakula haijui hata rangi ya zulia la ghorofa ya pili. Mwaka mzima pikipiki zinaleta, na hakuna pikipiki iliyowahi kupata njia ndani ya jengo lile.

"Kamishna," nikasema, karibu kwa kupiga kelele, "mnataka njia au mnataka barua zifike?"

"Ni kitu kimoja."

"Si kimoja. Barua ziishie mtoni. Mtu wenu atatukabidhi kwenye kivuko cha mashariki. Vijana wetu watazipokea na kuzipitisha kwa miguu yao, kwenye vijia vyetu tunavyovijua sisi. Mtawangoja kivuko cha magharibi, mtazipata. Barua zinapita. Farasi wenu hawapiti, watu wenu hawapiti. Mtawalipa wapokezi, na barua ikipotea tutawajibika sisi."

Nilimgeukia Ami. Alikuwa mlangoni, mkono kwenye kitasa. Honi ililia tena, ndefu.

"Hakuna Mmarekani anayelala njiani?" aliuliza.

"Hakuna njia ya kulala."

"Na wapokezi ni wetu?"

"Wetu."

"Wakisema siku moja wapokezi wenu wanachelewa, tuwaletee mmoja wetu awasimamie?"

"Tunakataa."

"Liandike hilo." Akavaa kofia yake. "Hapo mie sina la kupinga." Akateremka ngazi akikimbia, kanzu ameipandisha kwa mkono, na Mkenya akafungua dirisha kumpigia dereva kelele kwa Kihindi kibovu amngoje.

Mheshimiwa aliomba azungumze na wenzake. Wakazima sauti, ila picha ilibaki. Tuliwaona wakibishana. Yule dada wa nyuma alikuwa anagonga meza kwa kidole. Mheshimiwa anatikisa kichwa. Mwingine anamwonyesha saa. Kwa mara ya kwanza siku ile wao ndio walikuwa na baraza. Mkenya alinishika goti, akaniambia, "Usiongee, Prof. Tafadhali, hata kama unaweza." Sikuongea. Sijawahi kunyamaza kwa shida kiasi kile.

Sauti ikarudi. "Serikali yetu inakubali," alisema Mheshimiwa, akitazama pembeni. "Kwa majaribio."

"Maneno ya majaribio hayamo," nikasema.

Dada wa nyuma akajibu badala yake: "Hayamo. Tumekubali."

Madam akasema muda umekwisha. Mkenya alinirukia tukaipindua ndoo, na laptopu ikaangukia kwenye kahawa za watu wa Dar zilizokuwa bado hazijanywewa. Ilipona. Vitu vyangu ni imara.

Nilifaulu. Madam alinipa B+, na ukimjua yule mama utajua kwamba B+ yake ni A ya wahadhiri wengine. Alinikata alama kwa hotuba ndefu. Mheshimiwa naye alifaulu, kwa alama ndogo kuliko zangu. Sikumtafuta ofisini. Halmashauri ilinichukua, na baadaye niliiacha nikafungua ofisi yangu mwenyewe ya usuluhishi, na kazi haziniishi.

Kesho yake asubuhi Ami alikuwa anafua kanzu bafuni, mlango wazi, nami nikamletea habari nikiwa nimesimama wima kama siku ya mahafali. Alifurahi kweli. Alinipa mkono wenye povu.

"Hongera, mwanangu. Hongera sana." Akarudi kufikicha kola. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Na wao wenyewe? Wakriki wa kweli. Njia waliitoa?"

Nilikuwa nimelijua jibu tangu muhula uanze. Nikamwambia waliitoa. Ilianza njia ya farasi, kwa ajili ya barua, na vivuko wakaachiwa wenyewe, kama Mheshimiwa alivyosema. Baadaye ikapanuliwa, mikokoteni ikapita, kisha wanajeshi, kisha watu na familia zao na ng'ombe wao. Mwisho Wakriki wakahamishwa wote, wakapelekwa mbali magharibi, wengi wao kwa miguu.

"Nani aliitoa?"

"Baadhi yao. Waliokuwepo."

Ami alizima bomba. Alikaa hivyo hivyo, amechuchumaa juu ya beseni, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Na wewe ulilijua hili jana," alisema, "uliponiomba nikubali kwa ajili yako."

"Nililijua."

Aliikamua kanzu kwa nguvu, mpaka tone la mwisho, akanipa upande mmoja nishike ili tuikung'ute pamoja.